Ingia kwa Warumi Kupitia Uani

Ukitaka kuwajua Warumi, usianze na Julius Caesar. Alichomwa visu 23 mwaka 44 KK, na wengi wetu tulimwona akianguka darasani, katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare. Kwa sasa mwache apumzike. Mlango wa mbele wa Roma umejaa majemadari na sanamu zao. Wewe zunguka, upitie uani.

Uani kwanza ni Pompeii, mji uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79 BK. Kuta zake zimejaa maandishi: mapenzi, matusi, kampeni. Mgombea mmoja aitwaye Vatia aliandikiwa ukutani kuwa anaungwa mkono na vibaka, mahali pengine kuwa anaungwa mkono na walevi wa usiku wa manane. Soma hayo kabla ya hotuba yoyote ya Cicero, nawe utaelewa siasa za Kirumi zilivyonuka jasho.

Kisha panda kaskazini hadi Vindolanda, ngome ya mpakani Uingereza. Katika vibao vyembamba vya mbao vilivyopatikana humo, kuna barua ya kumjulisha mtu kuwa ametumiwa soksi, viatu na chupi. Kuna pia ya Claudia Severa, mke wa ofisa, aliyemwalika shoga yake Sulpicia Lepidina kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwake, yapata mwaka 100 BK. Karani aliandika sehemu kubwa. Mwisho Claudia akaongeza maneno ya upendo kwa mkono wake mwenyewe. Hayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kilatini tunayojua yaliandikwa na mwanamke, na kwangu yanashinda ushindi wa vita kumi.

Tarehe ya mwaliko itakutoa jasho. Septemba 11 kwao ni siku ya tatu kabla ya Idus, ambayo mwezi huo ni tarehe 13, kwa kuwa walihesabu kurudi nyuma na siku ya mwisho nayo wakaihesabu. Vumilia. Sarufi ya Kilatini nayo isikutishe: aliyekua akisema kitabu kizuri, vitabu vizuri, hashtuki kuona kivumishi kikibadilika kufuata nomino yake.

Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, msome kwa raha, maana aliwaandika pamoja na umbea wao; ila kila ukurasa uliza nani alimwambia.

Na akitokea mtu wa kukuambia kuwa Roma ni mambo ya Wazungu, mwelekeze Leptis Magna, Libya, alikozaliwa Septimius Severus aliyetawala dola ya Kirumi tangu 193 hadi 211. Au Madauros, Algeria ya leo, nyumbani kwa Apuleius, ambaye kisa chake cha mtu aliyegeuka punda ndicho riwaya pekee ya Kilatini iliyotufikia nzima. Kitafute hicho kwanza. Caesar atakusubiri.