Maji ya Kunawa

Ijumaa jioni, ndizi zimeshamenywa, mbuzi wa ndafu kafungwa nyuma ya nyumba, vijana wa turubai wanagonga mambo uani, mama yangu mzazi aliniita chumbani kwake akafunga mlango.

"Mwanangu, mtoto hawezi kubatizwa Jumapili. Amekwisha kubatizwa. Nilimbatiza mimi."

Sisi ni watu wa Machame, Walutheri tangu mababu. Mke wangu ni wa Kibosho, na Kibosho ni Ukatoliki mtupu. Tulifunga ndoa kwao, tukakubaliana watoto walelewe huko, na mama aliipokea habari hiyo bila neno. Wageni walikuwa wamealikwa, kadi zimegawiwa, wakwe wametuma mbege. Nikakaa kitandani kwake nimsikilize.

Miezi miwili nyuma mtoto alipata degedege. Nilikuwa Arusha, mke wangu yuko zamu ya usiku kazini, umeme umekatika. Bibi alimkuta mjukuu macho yamegeuka, mikono imekakamaa, mwili unawaka moto. Alimlaza ubavu, akamtuma dada wa kazi mbio kwa jirani mwenye gari. Akiwa peke yake gizani, mtoto anatetemeka, akakumbuka alichofundishwa utotoni kwenye darasa la kipaimara. Akapapasa mezani, akashika jagi, akammiminia mtoto kwenye paji la uso mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Jina alilompa ni la marehemu baba yangu. Gari likafika, wakakimbia hospitali, kipimo kikaonyesha malaria, na kwa rehema za Mungu mtoto akapona. Habari ya degedege tuliipata usiku uleule. Habari ya jagi aliificha, kwa kuwaogopa wakwe.

Kwa nini basi aliisema Ijumaa ile? Kwa sababu katekista alikuwa amepita kutufanyisha mazoezi ya ibada, na mama akaona tunakwenda kurudia kitu ambacho maisha yake yote amekiri kuwa ni kimoja. Ile Imani ya Nikea, Walutheri wanaikiri na Wakatoliki wanaikiri, nayo inataja ubatizo mmoja tu. Aliona heri aibu kuliko kunyamaza.

Usiku huo hatukulala. Mama mkwe alilia, akasema mtoto amefanywa Mlutheri kwa siri. Shangazi akashauri abatizwe tena tu, maji hayamdhuru mtu, na watu wamealikwa. Mjomba wangu, ambaye ni mlokole, alisema kwa upole kwamba kote kuwili hapajawa na ubatizo: tumwache mtoto akue, aamini mwenyewe, ndipo aingie kwenye maji mengi. Sikubaliani naye, lakini sitamdharau. Watu wamekufa kwa neno hilo. Mwaka 1525 huko Zürich kikundi cha watu wazima kilianza kubatizana upya kwa imani yao wenyewe, na Januari 1527 baraza la mji likamzamisha mmoja wao, Felix Manz, katika mto Limmat mpaka akafa. Imani iliyolipiwa gharama hiyo hujibiwa kwa heshima. Mimi nasimama hapa: Mungu humpenda mtu kabla mtu huyo hajajua kupenda, na ubatizo wa mtoto mchanga unalisema hilo waziwazi.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwa paroko, bibi, wazazi, mama mkwe na dada wa kazi. Paroko hakukasirika. Alimkalisha mama karibu naye akamuuliza mambo matatu. Ulisema maneno gani? Mama akayasema bila kukwama. Ulikusudia nini? "Nilitaka apate kile ambacho Kanisa linawapa watoto." Paroko akatikisa kichwa kukubali. Ulitumia nini?

Hapo mama akanyamaza. Jioni ile mezani palikuwa na majagi mawili ya plastiki yanayofanana, moja la maji ya kunawa, la pili la juisi ya ukwaju. Giza lilikuwa totoro. Paroko akaeleza kwamba juisi haibatizi. Ni lazima yawe maji. Shaka ikibaki baada ya kuulizia vizuri, Kanisa hubatiza kwa sharti: kama hujabatizwa, nakubatiza. Tulikuwa tumekwisha kuelekea huko, dada wa kazi alipoomba kusema.

"Padre, ile fulana nyeupe aliyovaa mtoto niliifua mimi kesho yake. Ilikuwa imelowa tu kifuani, bila doa. Ukwaju unaacha doa, na kufua nafua mimi."

Paroko akamuuliza tena, akamjibu vilevile. Basi, akasema, amebatizwa.

Mama mkwe akauliza inawezekanaje, na aliyebatiza si padri wala si Mkatoliki. Paroko akamjibu kwamba katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, hata ambaye mwenyewe hajabatizwa, mradi atumie maji na maneno yale na kukusudia lile ambalo Kanisa hulifanya. Akamkumbusha Mtakatifu Kizito wa Uganda: aliyembatiza ni Karoli Lwanga, mlei, usiku wa kuamkia 26 Mei 1886, wakingoja hukumu ya Kabaka Mwanga. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo. Akaongeza kwamba Didake, kitabu cha mafundisho cha Wakristo wa kwanza, kilisharuhusu kumimina maji mara tatu kichwani pale yasipokuwepo ya kutosha. Mama mkwe alimshika mama yangu mkono, na hakuna aliyesema lolote zaidi juu ya Ulutheri.

Jumapili mtoto hakumwagiwa maji. Alipakwa Krisma, akavikwa kitambaa cheupe, mshumaa wake ukawashwa kutoka mshumaa wa Pasaka, na waamini wakaambiwa kilichotokea, wakapiga vigelegele. Keki ilikuwa na jina tulilolichagua sisi wazazi. Daftari la ubatizo lina jina la marehemu baba, tarehe ya usiku ule, na jina la mama yangu kama mbatizaji. Mtoto tunamwita kwa jina la daftarini. Ndafu ililiwa ikaisha, na mjomba ndiye aliyeombea chakula.

Wewe mwenye mtoto mchanga, waketishe watu wa nyumbani kwako wiki hii, dada wa kazi akiwemo. Wafundishe kwamba degedege ni la kukimbiza hospitali mara moja. Na kama ninyi ni wa kanisa linalobatiza watoto, wafundishe na maneno yale, tena kwa maji safi. Kisha likitokea, mwambieni paroko au mchungaji mapema, msingoje turubai lifungwe.