Ndoo Iliyogeuka Kijani

Jumatatu. Maji ya mvua yaliyokaa kwenye ndoo nyuma ya darasa letu, hapa Katuba, yamegeuka kijani. Niliyatenga kwa somo la biolojia. Jioni mlinzi akamwagilia mboga za lengalenga kwa maji hayo na kuisugua ndoo ikang'aa. Nimeokoa chupa moja.

Jumanne. Umeme umekatika tone likiwa tayari chini ya hadubini. Tukaisogeza dirishani, kioo chake kikashika jua. Seli zikaonekana: mwani wa jamii ya Chlamydomonas, upana wa mikromita 10 hivi, mijeledi miwili mbele. Hupiga kama mara 50 kwa sekunde, jicho haliifuati. Huvuta maji ikiwa imenyooka, kisha hurudi mbele imejikunja karibu na mwili. Safari yote imo katika tofauti hiyo. Kwa kiumbe mdogo hivyo maji ni mazito kama asali: mijeledi ikisimama, seli nayo husimama papo hapo. Kama pigo la kurudi lingefuata njia ile ile ya kwenda, seli isingesogea hata kidogo. Mwanafizikia Edward Purcell alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1977.

Jumatano. Mwanafunzi mmoja ametoka kula ndimu, akagusa tone.
"Mwalimu, zimesimama zote!"
Mwani huu ukishtuliwa na asidi huikata mijeledi yake wenyewe. Ukirudishwa kwenye maji mazuri, huotesha mingine kwa muda wa saa mbili hivi. Kengele ya kwenda nyumbani haikutungoja.

Alhamisi. Mfagiaji aliisukuma chupa pembeni mwa dirisha. Ukijani wote umehamia upande wa jua. Kila seli ina kidoa cha kuhisi mwanga, nayo huogelea ikijizungusha, hivyo kidoa hupekua pande zote. Mjeledi mmoja ukiuzidi mwenzake nguvu, seli hugeuka. Mwanga mkali mno huikimbiza.

Ijumaa. Mpira umevunja chupa. Nimechora ubaoni mkato wa mjeledi: jozi 9 za vijibomba zikizunguka viwili vya katikati. Muundo huo huo umo katika vinyweleo vinavyosukuma kohozi na vumbi nje ya mapafu yetu. Mwaka 2000, jeni inayojenga mijeledi ya Chlamydomonas iliwaongoza watafiti wa Marekani kwenye chanzo cha ugonjwa wa vifuko vya figo. Walimu wenzangu, msiishie kwenye mchoro. Waonyesheni watoto mwani ukiwa hai.