Nimelipia 6000, natumia 3600

Mwezi uliopita niliunda kompyuta mpya ya mezani. Ile ya zamani nilikuwa naiwasha, naenda kuoga, narudi naikuta bado inawaza. Katika mazagazaga yote niliyobeba kutoka Kariakoo, nilichojivunia zaidi ni RAM: DDR5, vijiti viwili vya gigabaiti 16, pakiti imeandikwa 6000 kwa tarakimu nene. Vya 4800 vilikuwepo, tena bei nafuu. Nikavipita kama sivijui.

Nyumbani nikafungua Task Manager nijionee kasi yangu. 4800.

Nikampigia fundi. "Mzee, hiyo ndiyo kasi yake ya kuzaliwa," akasema. "Hiyo 6000 mpaka uiwashe mwenyewe kwenye BIOS."

Kumbe kila kijiti kina kichipu chenye orodha ya kasi zake, na mazabodi ikiwaka inachagua ile ya kawaida, isiyo na lawama. Ile ya kwenye pakiti ni ya kulazimisha, kwa ridhaa yako. Na fundi, bila kuulizwa, akaniongezea kidonda: kwenye hiyo 6000 saa ya RAM inagonga mara milioni 3000 tu kwa sekunde, ila kila inapogonga data inapita mara mbili. Yaani nambari yenyewe imeshazidishwa kabla haijafika dukani.

Nikaiwasha, ikakubali. Siku nne nzima nilikuwa nafungua Task Manager kuitazama 6000 yangu, kama mfanyakazi anavyochungulia salio tarehe za mshahara.

Tamaa ikanituma kununua vijiti viwili vingine, vilevile. Nikavipachika, nikawasha. Kioo cheusi. Dakika moja, mbili, tano. Feni zinazunguka, mimi nimeshika kichwa.

"Usiizime, inajifunza RAM mpya," fundi akaniambia kwenye simu. Inajifunza nini, kuna mtihani?

Ikawaka. 3600.

"Mzee, umewahi kupandisha kabati ghorofani?" fundi akauliza. "Watu wawili wanakwenda mbio. Wakiwa wanne, kila kona ni ngoja, ngoja, shikilia hapo." Nikachungulia maelezo ya prosesa. Vijiti vinne: 3600. Imeandikwa wazi kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Nikalazimisha 6000 hivyo hivyo. Ikagoma mara tatu, ya nne ikarudi 3600 bila kuniaga.

Mama Neema alikuwa kimya muda wote huo, anachambua mchele.

"Baba Neema, sijaelewa. Ulilipa ikaenda mbio, halafu ukalipa tena ili ipunguze?"

Nikamweleza kwamba sasa tuna gigabaiti 64.

"Za nini?"

Naandika safu hii kwa Word. Muziki unacheza pembeni. Nimeangalia matumizi ya RAM: gigabaiti 7.

Vijiti viwili vinauzwa. Havijachoka, vimetembea polepole tu.