Ulimi wa Mtafiti

Kwetu huku, kati ya Litein na mpaka wa Bomet, mtu akiinama shambani watu hujua anachuma chai au amedondosha kitu. Mimi huinama nikitafuta mifupa iliyogeuka mawe. Mke wangu, Mama Chebet, ameshazoea. Wageni bado huuliza kama nina kizunguzungu.

Ugonjwa huu niliupatia Fort Ternan, nilipopeleka wanafunzi ziara. Kwenye mteremko mmoja wa huko, mwaka 1961, timu ya mtafiti wa mabaki ya kale Louis Leakey ilifukua taya la kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka milioni 14 hivi iliyopita, naye Leakey akampa jina Kenyapithecus wickeri. Hilo "wickeri" ndilo lililoniponza. Limetokana na Fred Wicker, mkulima mwenye shamba lile. Mkulima! Si daktari wa mifupa, si profesa. Nami nina ekari moja na nusu ya chai na ng'ombe wawili. Tukirudi ndani ya basi, watoto wakiimba, mimi nilikuwa kimya nikijaribu jina langu likiwa na "i" mwishoni.

Miaka miwili iliyofuata nilijaza dirisha la sebuleni mawe niliyoyaokota. Nilikuwa nimesikia kwamba mfupa wa kale hutambulika kwa ulimi: ukiulamba hunata, kwa kuwa una vitundu vidogo vinavyofyonza mate, lakini jiwe la kawaida halinati. Hakuna aliyeniambia ni vitu vingapi vingine vinavyonata. Kigae cha chungu kilinata. Tofali lilinata, nikalipa wiki nzima ya heshima kabla Mama Chebet hajaniuliza mbona limeandikwa herufi.

Kisha likaja fuvu.

Nilikuwa nachimba shimo la nguzo ya ua, upande wa boma la jirani, jembe likagonga kitu. Nilikisafisha kwa mswaki wa zamani. Kilikuwa na rangi ya kahawia iliyofifia, ukubwa wa kichwa cha mtoto, laini mno juu kama kimepigwa msasa, na mbele kina mabonde mawili, moja kubwa kuliko jingine. Macho! Katikati palikuwa na tundu lililopenya hadi upande wa pili, nikaamua ndipo uti wa mgongo ulipoingilia. Nikapiga magoti, nikatazama huku na huku, nikalamba.

Hakikunata. Kilikuwa cha chumvi.

Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Mimi nililamba tena ili niwe na uhakika, nikahitimisha kwamba kiumbe yule aliishi baharini. Kwetu ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Mombasa ni safari ya usiku kucha, lakini sikuona tatizo. Bahari, nilijiambia, ilihama.

Jioni nilikiweka juu ya kigoda uani, nimekifunika taulo, nikamwalika mzee jirani aje ashuhudie. Nikamweleza habari za bahari. Alisikiliza kwa adabu, amekunja mikono juu ya bakora. Nilipogeuka kufunua taulo, Chelel, ng'ombe wangu mweupe, alikuwa ameshalivuta chini na anapitisha ulimi kwenye jicho la kushoto, polepole, macho amefumba.

"Hiyo ni chumvi yangu," mzee akasema. "Ilikatika kamba ndama akaikanyagia matopeni." Akanitazama. "Nawe umeilamba?"

"Kidogo, mzee."

"Si mbaya. Ina madini. Utaongeza maziwa."

Ndipo nikaketi kusoma, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kwanza. Kumbe chai inapenda udongo wenye asidi, na asidi hiyo pamoja na mvua yetu ya kila alasiri huuyeyusha mfupa kabla haujapata muda wa kuwa jiwe. Kule Fort Ternan mifupa ya swala na twiga wa kale ilifunikwa na majivu ya volkano ya Tinderet, yenye chokaa tele, ikahifadhika kwa maelfu. Kwa hiyo miaka miwili nilikuwa natafuta mifupa katika udongo unaoila, na ushahidi ulikuwa umeota mbele yangu mstari kwa mstari, nauchuma na kuupeleka kwenye mizani.

Lililonipoza kidogo ni kwamba Leakey mwenyewe aliwahi kushika bonge la jiwe la volkano kutoka Fort Ternan, lenye kingo zilizochakaa, akadai kiumbe wake alilitumia kupasulia mifupa ale uboho. Wenzake wengi hawakukubali. Lakini yeye, angalau, hakufunuliwa taulo na ng'ombe mbele ya jirani.

Mwezi uliopita nilirudi kule peke yangu, kwa matatu na kisha bodaboda. Mteremkoni, chini ya kichaka, nikaona jino. Jino kweli: limesimama, jeupe kwa njano, lina matuta yale ya mla nyasi. Mikono ilitetemeka. Sikuligusa, maana sheria ya mwaka 2006 inataka ugunduzi uripotiwe kwa Makumbusho ya Taifa, na ulimi nilikuwa nimeuapisha nyumbani. Nikaweka kofia yangu kando yake kama alama, nikakimbia kumwita mlinzi.

Alikuja bila haraka. Akachutama, akainamisha kichwa kulia, kisha kushoto. Nilizuia pumzi.

"Mwalimu," akasema, "huyu ni mbuzi. Tulimla Jumapili."

Akaliokota, akalipangusa kwenye shati, akanipa.

"Hili unaweza kwenda nalo."