Jinsi ya Kupumzika kwa Kulipua Roketi

Kuna watu ambao jioni, wakishavua viatu, hutafuta mchezo wa kompyuta usio na bunduki, usio na zimwi la kuwafukuza wala saa ya kuwahesabia sekunde. Hao wapewe Kerbal Space Program. Ulitoka hadharani mara ya kwanza mwaka 2011, kazi ya kampuni ya Squad ya Mexico City, na toleo kamili likafuata mwaka 2015. Unakabidhiwa karakana, lundo la vipuri, uwanja wa kurushia, na Wakerbal, vijitu vya kijani vyenye macho makubwa ambavyo viko tayari kukalia chochote utakachokiunda. Kila Mkerbal ana kipimo cha ujasiri na kipimo cha ujinga. Kipimo cha mchezaji hakionyeshwi.

Anza bila kusoma chochote. Mafunzo yamo, lakini yamewekwa kwa ajili ya watu wengine. Chukua kabini, panga matangi ya mafuta, chomeka injini chini. Ikikataa kupanda, ongeza injini. Ikiyumba, ikaze kwa vyuma. Vyuma vikiilemea, ongeza injini, na kwa kuwa injini nyingi zinakunywa sana, ongeza matangi, ambayo nayo yana uzito, basi ongeza injini. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky aliiweka hesabu hiyo kwenye karatasi mwaka 1903, kimyakimya, kwa kalamu. Wewe utaigundua upya kwa kishindo.

Sasa fika kwenye mpangilio wa hatua, na hapa nakusihi usikague kitu. Pembeni mwa skrini kuna safu ya alama ndogo: injini, viachanishi vya kutupa matangi matupu, parachuti. Safu inasomwa kutoka chini kwenda juu, na kila ukibonyeza kile kitufe kirefu cha chini kabisa ya kibodi, kundi moja la vifaa linafanya kazi yake. Ukiwa na bahati, parachuti itakuwa imejichanganya na injini ya kwanza. Utabonyeza, moto utalipuka chini, na papo hapo kitambaa kitachomoka kichwani mwa roketi, kipepee sekunde chache, kisha kasi iking'oe. Roketi itaendelea na safari vizuri tu. Hutakumbuka kilichotokea mpaka utakapokuwa unarudi nyumbani, umemaliza kila kitu kwa ustadi, ardhi inakuja, na wewe unabonyeza kile kitufe kirefu bila majibu. Angalia kidirisha kilicho kona ya chini kulia: Bill Kerman na Bob Kerman wameachama kwa hofu, Jebediah Kerman anachekelea. Huyo huchekelea hata chombo kikiwaka moto, kwa hiyo uso wake usiuchukue kama taarifa.

Likija suala la kwenda angani, elekeza pua juu wima na uiache hapo. Hewa ya sayari yao, Kerbin, inakwisha kwenye kimo cha kilomita 70. Utafika, utaona weusi na nyota, utajisikia mtu mkubwa, kisha utaporomoka na kurudi karibu na pale pale ulipoondokea. Wale wanaobaki huko juu huanza mapema kuinamisha roketi taratibu kuelekea mashariki, mpaka inakwenda kwa ubavu kwa mita zipatazo 2,300 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo chombo kinaanguka muda wote, ila sayari inajikunja chini yake na hakiigusi. Ndiyo obiti, na haina uchawi zaidi ya huo.

Kwa nini mashariki? Kwa sababu Kerbin inajizungusha kuelekea huko, na uwanja wako uko karibu na ikweta, ambako mzunguko huo unakupa mita 175 hivi kwa sekunde bila kuchoma tone la mafuta. Mtu wa Malindi hahitaji kuelezwa sana. Waitaliano walisimamisha jukwaa lao la San Marco baharini karibu na Ngomeni kwa hesabu hiyo hiyo: ikweta iko jirani, na upande wa mashariki ni Bahari ya Hindi tupu, kisichopaa kinamwangukia samaki. Hapo ndipo iliporushwa satelaiti ya Wamarekani, ya kwanza iliyotengwa kwa kuchunguza eksirei za angani, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea uhuru wake. Ikaitwa Uhuru. Dunia iliichangia mita zaidi ya 460 kwa sekunde kabla hata injini haijawashwa.

Siku utakapotaka kuunganisha vyombo viwili angani, tumia akili ya dereva wa daladala: aliye mbele yako mkimbilie. Kanyaga mafuta. Utapanda kwenye obiti ya juu zaidi, iliyo ndefu na ya polepole, na mwenzako atazidi kutokomea. Anayetaka kumpata aliye mbele hupunguza mwendo, akashuka, akamzunguka kwa chini. Najua. Jaribu tu.

Kwenda Duna, sayari nyekundu, kunataka sayari mbili zikae mkao wake, na nafasi ikikupita unangoja miaka miwili na ushee ya Kerbin. Usivunjike moyo: muda unaweza kuharakishwa mara 100,000, hivyo miaka hiyo ni dakika tatu na kitu za saa ya ukutani. Utanung'unika zote. Eve nayo ni ya watu wasio na mpango wa kurudi, kwa kuwa hewa yake nzito inakupokea vizuri na mvutano wake hautaki kukuaga.

Lakini anza na Mun, mwezi wa karibu, kilomita 12,000 tu. Peleka roketi ndefu, nyembamba, uitue kwenye mteremko. Italala ubavu, mafuta yatakuwa yamekwisha, na Jebediah atatoka nje kupunga mkono. Mchezo hautakulazimisha kumfuata. Hakuna saa inayohesabu, haoni njaa, anaweza kukaa hapo maisha. Hata hivyo usiku huo huo, saa ambayo ulipaswa kuwa umelala, utaunda chombo cha uokoaji, chepesi, kizuri, chenye miguu mipana, na utamkabidhi Valentina Kerman akirushe. Atatua mita chache kutoka kwa mwenzake, kazi safi kuliko zote ulizowahi kufanya. Jebediah atatembea mpaka kwenye ngazi, atapanda, atagonga mlango, na hapo ndipo utakapokumbuka kuhesabu viti.