Kila Sikio na Taimingi Yake

Ukitaka kujua Koboko ina mafundi wangapi, washa trekta asubuhi litoe moshi mweupe. Watatoka vichochoroni. Atakuja wa boda boda aliyekuwa anasubiri abiria wa Oraba, atakuja muuza muhogo, atakuja mstaafu wa jeshi. Mmoja ataongea Kikakwa, wa pili Kilugbara, wa tatu Kinubi, na yule aliyevuka asubuhi hiyo kutoka Kongo atamalizia kwa Kilingala. Hukumu ni ileile: "Mzee, taimingi imetoka. Geuza pampu."

Hakuna anayeuliza dizeli imetoka wapi.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, la marehemu baba, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1964. Lina injini ya Perkins ya silinda tatu na pampu ya CAV. Pampu hiyo imeshikwa na nati tatu tu, na matundu ya nati hizo yamechongwa marefu kidogo, ili pampu iweze kusogezwa huku au kule. Aliyeyabuni alikuwa na nia njema. Hakuijua Koboko.

Jambo lenyewe si uchawi. Dizeli haina plagi ya kuipiga cheche. Inawashwa na joto la hewa iliyobanwa, tena haishiki moto papo hapo. Kwa hiyo pampu inatakiwa kuanza kuisukuma kabla pistoni haijafika juu, yapata digrii 20 za krankishafti kwa injini za namna hii. Ikichelewa, unapata moshi mweupe na trekta linaloogopa kilima. Ikiwahi mno, injini inagonga mpaka kuku wanahama. Na kwa kuwa pampu inazunguka mara moja wakati krankishafti inazunguka mara mbili, digrii 1 uliyokosea kwenye pampu inakuwa 2 kwenye injini. Kijana anayeisogeza "kidogo tu" kwa nyundo hajui kwamba amesogeza maradufu.

Ndiyo maana kiwandani walichora mstari mwembamba kwenye pampu na mwingine kwenye kifuniko cha gia. Mistari ikikutana, kaza nati, nenda kanywe chai.

Sasa trekta langu halina mstari. Lina mistari. Kila fundi aliyewahi kuifungua pampu ameacha alama yake kwa patasi, na alama ya kiwanda imepotea humo ndani. Ipo ya fundi wa Arua wa enzi za tumbaku. Ipo iliyopigwa ng'ambo baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, watu walipokimbilia Sudan na Zaire, na baba akaokoa trekta badala ya vyombo vya ndani, jambo ambalo mama hakumsamehe mpaka mwisho. Ipo yenye nukta mbili pembeni, na mwenye nukta zake bado yu hai, anaapa yeye ndiye wa mwisho kuliacha trekta likiwa zima. Wenzake wote wanaapa hivyohivyo. Ukimulika tochi pale unaona kitabu cha wageni.

Fundi wa sasa, kijana mwenye simu mbili, hakujisumbua na alama hata moja. "Mzee, hizo ni hadithi. Mimi natumia sikio." Akalegeza nati injini ikinguruma, akainamisha kichwa, akaanza kuizungusha pampu huku mabomba ya nozeli yakijipinda. Nati za Massey hii ni za inchi. Spana yake ya 13 inaikaribia nusu inchi, lakini kukaribia si kukaa, na kila sikio lililopita hapo limekula kona za nati.

Nikamwambia ipo njia isiyohitaji sikio. Ubavuni mwa pampu kuna kifuniko kidogo. Ukikifungua utaona herufi na mstari wake, na mstari huo unatakiwa kukutana na ncha ya ringi, wakati pistoni ya kwanza inapobana hewa. Akanitazama kwa huruma.

"Hiyo ni ya kwenye kitabu, mzee."

"Ndiyo, ya kwenye kitabu."

"Kitabu kiko wapi?"

Kitabu kililiwa na mchwa. Kijana akashinda kesi, akaamua pampu imekufa, ipelekwe Arua.

Nikaifunga kwenye gunia. Kutoka Koboko hadi Arua ni kilomita kama 55, lami tupu siku hizi, nami nikadhani safari itakuwa nyepesi. Kondakta akaitoza pampu nauli ya mtu mzima. Mama aliyekaa jirani nayo, na kitenge kipya, alipohisi dizeli inamfikia gotini alinitoza ya kwake kwa maneno, kuanzia Maracha mpaka mjini.

Fundi wa pampu wa Arua ni mzee asiyependa mazungumzo. Akaifunga kwenye mashine ya vipimo, akaisikiliza kwa saa za geji badala ya masikio, akaizima.

"Pampu nzima. Dizeli unanunua wapi?"

"Barabarani, kwenye jerikani."

"Filta ulimwaga maji lini?"

Nikakumbuka baraza zima la Koboko, lugha zote zile, na hakuna hata moja iliyotamka neno filta. Maji yakiingia kwenye dizeli nayo hutoa moshi mweupe, akasema, na kumwaga bakuli la filta hakuhitaji nauli.

Nikanyoosha mkono nichukue pampu yangu. Akanizuia. Akavuta droo, akatoa patasi na nyundo, akapiga mstari mpya kwenye shavu la pampu, mrefu kuliko yote.

"Wa nini tena huu, mzee wangu? Mwenzake si yuko kwenye trekta, Koboko?"

"Ukifika utampiga mwenyewe." Akarudisha patasi kwenye droo. "Vipimo unalipa. Alama ni bure."