Shangazi Feni Anajibu: Maji ya Rufiji Hayaingii Kwenye Kompyuta

*Shikamoo Shangazi. Nina steshenari karibu na stendi ya Kibiti, na jioni nahariri video za harusi. Sasa najiundia kompyuta yangu ya kwanza ya mezani. Nataka kasha la kioo pande zote, taa za rangi saba, na prosesa ipozwe kwa maji, maana joto la huku unalijua. Maji yakipungua, naweza kuongezea ya mto Rufiji nikishayachemsha? — Mwenye Kiu, Kibiti.*

Marahaba, mwanangu. Kuchemsha maji kunasaidia tumbo, na kompyuta haina tumbo. Isitoshe, mto huu na mashine za wageni hawajapatana tangu Julai 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipotobolewa na Waingereza humu deltani na mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Tusiongeze nyingine.

Mitambo mingi ya maji unayoiona YouTube hufungwa kiwandani, haina hata tundu la kuongezea. Pampu ikifa, na hufa bila kuaga, prosesa hupanda mpaka nyuzi 95 au 100, ikajipunguzia kasi ili isiungue. Harusi ya watu itakwama bibi harusi akiwa na kisu juu ya keki. Utaipata wapi pampu nyingine Kibiti? Utapanda gari mpaka Mbagala Rangi Tatu, uendelee Kariakoo, na huenda muuzaji akakwambia mtindo ule haupo tena. Chukua hitisinki ya mnara yenye feni ya milimita 120. Hiyo ikigoma, kilichokufa ni feni tu, na feni ya saizi hiyo inabadilishwa kwa bisibisi. Kama roho bado inataka maji, mabomba ya shaba ya hitisinki yanayo kidogo ndani: maji hayo yanageuka mvuke upande wa prosesa, yanapoa kwenye mapezi, yanarudi chini. Mzunguko huo hauhitaji pampu wala mtu wa kuchota.

Na ujue hili kabla hujatoa hela: hakuna feni, wala maji ya kwenye bomba, yatakayoifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa ya chumba chako. Yule kijana wa Njombe anayejisifu mtandaoni kwamba yake haivuki nyuzi 70 amekaa kwenye chumba cha nyuzi 20. Ilete mashine hiyo hiyo Kibiti, chumba kina 32, itasoma 82 hivi. Ukinunua kwa kuiga vipimo vyake, unanunua hewa ya Njombe.

Kwa hiyo anza na prosesa isiyokula sana. Core i5-12400 ni ya wati 65, ingawa ikikazana hufika 117, na ina sehemu ya picha ndani yake inayosaidia sana kazi za video. Angalia lakini isiwe na F mwishoni. Yenye F haina hiyo sehemu, na bila kadi ya picha utaunda kompyuta nzima uishie kutazama kioo cheusi. Ryzen 5 5600 nayo ni hivyo hivyo, unayoitaka ni 5600G.

Kasha la kioo mbele sahau. Tafuta lenye wavu, feni mbili zivute hewa mbele, moja itoe nyuma. Zinazoingiza zikiwa nyingi kuliko zinazotoa, vumbi linapita kwenye chujio badala ya kujipenyeza kila ufa, na chujio unalikung'uta. Taa za rangi hazipozi kitu. Usiku wa masika zitakuitia kumbikumbi.

Siku ya kufunga, pesti ya joto iwe kiasi cha punje ya mbaazi. Halafu geuza hitisinki uangalie chini yake: kuna karatasi ya plastiki. Ibandue. Kila mtu hucheka akiambiwa, na kila mwaka kuna mtu anaisahau.

*Shangazi, mume wangu ameunda kompyuta, ameivua ubavu, na feni ya kusimama ya mtoto ameielekeza humo. Mtoto analia jasho. Kasha lipo sakafuni. Nikimuuliza kuhusu umeme anasema bwawa la umeme ni letu wana Rufiji, hatuwezi kupata shida. — Mke wa Fundi, Ikwiriri.*

Mwanangu, feni irudi kwa mtoto leo. Kasha likiwa wazi ni kweli joto hupungua kidogo, lakini vumbi linaingia lote, na mjusi naye anapenda mahali pa vuguvugu. Mjusi akikauka juu ya mazabodi, mumeo atalaumu mazabodi.

Kuhusu bwawa, mwambie lina mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115, nasi tunajivunia. Ila umeme ule haushuki Ikwiriri moja kwa moja. Hupanda kwanza Chalinze kwa nyaya za kilovolti 400, ukachanganyika na wa nchi nzima, ndipo unarudi kwetu, pamoja na misukosuko ya njiani. Asome kibandiko cha powasaplai. Kikiwa 100–240V, umeme ukinywea haizimiki ovyo. Kama ni ile ya zamani yenye swichi nyekundu nyuma, isomeke 230. Ikisomeka 115 akawasha, atasikia mlio na harufu. Halafu anunue UPS, ya kumpa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu.

Na kasha lipande mezani. Aliyeshuhudia mafuriko ya Aprili 2024 hahitaji kuelezwa kwa nini.

*Shangazi, mimi mvuvi wa kamba, Nyamisati. Kompyuta ikipata moto, naiweka kwenye friza? — Baridi.*

Hapana. Ukiitoa tu, unyevu wa pwani utaigandia matone ndani na nje. Friza waachie kamba.

*Shangazi, nafundisha kisiwani, tunatumia sola. Muuzaji wa Kariakoo ananipa mnara wa "i7" kwa bei ya i3. — Mwalimu wa Deltani.*

Mwalimu, muulize namba zinazofuata baada ya hiyo i7. Akisema 2600, hiyo ni ya mwaka 2011, inakula wati 95, na i3-12100 ya 2022 inaiacha mbali. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha nane kwenda mbele, ambacho 2600 haikifikii. Kama betri yako ya sola ni ya asidi, volti 12 na Ah 100, ina Wh 1,200, lakini ukitaka idumu tumia nusu tu. Mnara na skrini vikila wati 120, ni saa tano, taa za nyumbani hazijawashwa. Wewe usiunde. Tafuta kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika, mfano yenye i5-8500T, prosesa ya wati 35.

Chumvi ya baharini huwezi kuizuia, lakini iwashe kila siku, joto lake lifukuze unyevu. Kwenye boti ifunge plastiki mbili, uipakate, usiilaze chini na ndoo. Ukishaizima na ikapoa, ifunike khanga. Ila khanga omba, Mwalimu, usichukue kimya kimya kwenye kamba ya mama watoto.